Shukrani kwa Sahibu Zangu

Wanawake wenzangu, yatupasa kuwashukuru waliotufaa kabla mchanga haujatutenga nao. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Nilipofiwa na mume wangu nilikaa eda miezi 4 na siku 10, na watoto watatu mkononi. Waliokuja kulia nami siku ya maziko walikuwa wengi. Waliobaki baada ya hitima ni wawili.

Mmoja ni mshonaji. Ilipofika zamu yake ya upatu aliniletea fedha zote akasema, "Shoga, chukua wewe, mimi nitangoja yako." Nikanunua cherehani, na kukata nguo akanifunza mwenyewe.

Wa pili ni mwalimu wa chuo, wala hana mali. Jamaa waliponihimiza niuze nyumba, ni yeye aliyenieleza kuwa fungu la mjane mwenye watoto ni thumni, yaani sehemu moja katika 8, na kwamba haki ya mayatima ni amana. Nyumba haikuuzwa, wanangu wamekulia humo.

Baada ya Bibi Khadija kufariki, Mtume alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea nyama sahibu zake bibi huyo. Basi nani atasema usahibu wa wanawake ni umbea wa uani tu? Nawe uliye naye wa namna hii, mpelekee japo sahani ya chakula, umwambie ahsante angali hai.