Kwenda Pemba Kunyoosha Majina ya Ami

Boti ilipoipita Nungwi na kuingia mkondo wa Pemba, abiria wazoefu walifumba macho, nasi wageni tukagawiwa vifuko vya kutapikia. Sikuwahi kuvuka kwenda kisiwa hicho. Kompyuta nilikuwa nimeipakata, kwa kuwa ndiyo niliyoitiwa: ami amenunua simu janja, na majina yote yamebaki kwenye simu ya zamani, kitochi.

Kutoka Mkoani hadi Chake Chake barabara haitulii. Inapanda, inashuka bondeni, inapinda tena. Aliyeizoea Unguja hadhani kuwa Pemba ni vilima kiasi hicho. Ulikuwa msimu, na kando ya njia karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, zinageuka kutoka kijani kuwa kahawia, harufu imejaa garini. Mnunuzi wake kisheria ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lakini wachumaji kila mtu hujitafutia. Ami hukodi mikarafuu, na wachumaji wake wote wamo simuni. Hakuwa na subira.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza, halafu nitolee watu wangu humo."

Kijana wa duka la simu alikwisha kujaribu. Alitoa majina katika faili la CSV, akalifungua kwa Excel, akalihifadhi. Sasa Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu: sifuri ya mwanzo huifuta, na namba iliyoanza na 255, yenye tarakimu 12, huifupisha kwa E+11 mwishoni. Ukiihifadhi hivyo katika CSV, tarakimu zilizofichwa ndiyo zimekwenda. Faili lile nililitupa. Bahati, kitochi kilikuwa hakijafutwa.

Chenyewe kilitoa vCard, fomati ya kuhifadhi majina na namba, toleo la 2.1 la mwaka 1996. Baadaye lilikuja 3.0 mwaka 1998, kisha 4.0 mwaka 2011. Toleo la zamani huandika herufi zisizo za Kilatini kwa mafumbo, na ami ana ndugu Muscat waliomtumia majina kwa Kiarabu. Ndani ya faili, Muhammad alikuwa =D9=85=D8=AD=D9=85=D8=AF. Programu fupi ya Python iliyafumbua yote, ikayahamishia toleo la 3.0, na kila namba ikapewa msimbo wa nchi: +255 mahali pa sifuri kwa za nyumbani, +968 kwa zile za Omani zenye tarakimu 8. Chai ilikuwa bado haijapoa.

Kazi yenyewe ilianza hapo. Programu ilipendekeza kuunganisha majina yanayofanana, na Pemba kina Khamis hawana mwisho. Tulikaa barazani, mimi nasoma, ami anahukumu.

"Khamis Boti na Khamis Mkoani?"

"Huyo mmoja. Aliacha boti, kahamia Mkoani."

"Khamis Ngwachani?"

"Shemeji yake. Usimguse."

Nilidhani namba ni ushahidi mzuri kuliko jina, na kwa kawaida ni kweli. Lakini palikuwa na majina mawili, la mume na la mke, kwa namba moja. Simu ni moja, ami akaeleza. Mchana iko kwa mke, usiku kwa mume, na ukikosea jina umeudhi nyumba. Nikaliacha kila moja mahali pake. Mwingine alikuwa amefariki, nami kidole tayari kiko kwenye kufuta. "Muache. Laini hiyo anayo mwanawe, naye ni mchumaji." Tukabadilisha jina tu.

Zilikuwemo pia namba za 0747, za Zantel kabla msimbo huo haujageuzwa kuwa 0777. Kuzigeuza ni amri ya mstari mmoja. Kujua zipi ziko hewani kulidai kupiga, na ami alizipiga zote kwa spika. Aliyepokea aliulizwa habari za watoto, za mvua, za shamba, ndipo aulizwe kama bado anachuma. Sijui programu ya kuharakisha hilo, wala siitaki.

Kama nyumbani kuna mzee mwenye kitochi, toa faili lake la vCard leo, jitumie kwa barua pepe, na usilipitishe kwenye Excel. Kuunganisha na kufuta kusubiri mpaka mwenyewe akae karibu yako.