Imetumwa, Lakini Haikufika

Mwaka juzi nilijitolea kuitengenezea idara yetu tovuti ndogo ya kupokea maombi ya ufadhili. Mwombaji alipomaliza kujaza fomu na kupita mchujo, tovuti ilimtumia barua pepe ya kumwita kwenye usaili. Kompyuta yangu iliandika "imetumwa", nami nikaridhika.

Siku ya usaili, waombaji 11 kati ya 40 hawakuonekana. Mwenyekiti wa jopo akasema vijana wa siku hizi hawajali. Nilitikisa kichwa kumwunga mkono, na jambo hilo lanisumbua hadi leo. Wiki mbili baadaye binti mmoja alibisha hodi ofisini. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, usaili utakuwa lini?" Tuliifungua simu yake pamoja. Barua yetu ilikuwamo, kwenye folda ya taka, katikati ya matangazo ya bahati nasibu.

Ndipo nilipoanza kujisomea, jambo lililonipasa kulifanya mapema. Itifaki inayosafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, zama ambazo mtandao ulikuwa na watumiaji wachache walioaminiana. Haikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Yeyote aliweza kujiita mkuu wa chuo. Matapeli walipouona mwanya huo, vikabuniwa viraka. SPF hutangaza hadharani seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako. DKIM hutia kila barua saini ya kidijitali. DMARC humwelekeza mpokeaji afanye nini barua isipopita majaribio hayo. Sisi hatukuwa na hata kimoja. Isitoshe, tulipanga seva moja na tovuti tusizozijua, na majirani hao walikuwa wamekwisha kuichafulia sifa.

Marekebisho yalinichukua alasiri moja tu: mistari michache kwenye rekodi za DNS, na kazi ya kutuma tukaikabidhi kwa huduma maalumu ya barua.

Februari 2024 Google na Yahoo zilivifanya vyote vitatu kuwa sharti kwa watumaji wa barua kwa wingi. Kwa Google, ni wanaofikia barua 5,000 kwa siku. Sharti lenyewe ni la busara. Hata hivyo, hakuna bunge lililolijadili, na kampuni mbili za kigeni ndizo zinazoamua barua ya chuo cha umma ifike au ifichwe.

Lakini nisijifiche nyuma ya California. Ofisi zetu zimezoea kulitumia neno "tulikutumia" kama ngao, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia aliyekosa haki yake. Jopo lilikataa kurudia usaili kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Kumbukumbu za kikao zinasema waombaji 11 "hawakuhudhuria bila taarifa". Nimeandika mara mbili kuomba kauli hiyo ifutwe, na mara zote nimepeleka barua kwa mkono. Sijajibiwa.