Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Anayetaka kuona ukweli wa msemo huo hana haja ya kwenda malishoni. Aende tu kwenye mazoezi ya kwaya Alhamisi jioni. Sisi tunaoandika haya, mke na mume, tumeimba katika kwaya ya usharika wetu kwa miaka 22, mmoja sauti ya pili, mwingine besi. Tumeiona kwaya ikigawanyika. Watu hukumbuka siku ya makelele, lakini kwa tulivyoona, mgawanyiko huanza mapema zaidi, siku mtu anapoacha kumsikiliza mwenzake na hakuna anayegundua.

Jambo hili tulilielewa vizuri zaidi kutoka mahali ambapo hatukutegemea, kwenye bendi ya roki. Wapendwa wengine watashangaa, lakini Bwana alitumia hata punda kumfundisha Balaamu. Mwanetu alituletea filamu iitwayo Get Back, iliyotengenezwa na Peter Jackson na kutoka mwaka 2021. Inakaribia saa 8, nasi tuliitazama kidogo kidogo kwa majuma mawili, baada ya chakula cha jioni.

Inawahusu The Beatles, vijana wanne wa Liverpool, Uingereza: John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr. Januari 1969 walikutana London kutunga nyimbo mpya mbele ya kamera. Dunia nzima iliwajua, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefikisha miaka 30. Lakini nyumba yao ilikuwa na ufa. Meneja wao, Brian Epstein, aliyekuwa akiwapangia mambo, alifariki Agosti 1967. Baada yake Paul alijitahidi kusukuma kazi mbele, na kadiri alivyosukuma ndivyo wenzake walivyojiona wanaamrishwa. Ringo alikwisha kuondoka mara moja, Agosti 1968. Aliporudi alikuta ngoma zake zimepambwa maua. Wenzake walijua kumwonyesha kwamba wamemkumbuka, ila somo lile halikukaa.

Aliyetugusa zaidi ni George. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na kwa miaka mingi alizoea kupewa nafasi chache katika kila albamu, kwa kuwa nyimbo nyingi zilikuwa za John na Paul. Sasa alikuwa amekomaa kama mtunzi. Katika filamu anaonekana akileta wimbo, wenzake wanausikiliza kidogo, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Tarehe 10 Januari, wakati wa chakula cha mchana, alisema anaacha bendi, akaondoka. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeaga kwenda dukani.

Mwaka 1970, bendi ikiwa imekwisha vunjika, George alitoa All Things Must Pass, sahani tatu ndani ya kasha moja. Nyimbo kadhaa kati ya hizo alikuwa nazo tangu akiwa na wenzake. Kipawa kilikuwa humo humo chumbani, kimeketi kwenye kiti kimeshika gitaa.

Tulipofika hapo tulisimamisha filamu, tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tunamkumbuka kijana mmoja wa kwaya yetu, mtunzi. Tulipojiunga tulimkuta akija na daftari lake kila Alhamisi. Viongozi wa wakati ule walimwambia wimbo wake utajaribiwa mwishoni, muda ukibaki. Muda haukubaki. Alikaa karibu mwaka mzima, kisha akahama kimya kimya. Siku hizi tunasikia nyimbo zake redioni, zikiimbwa na kwaya ya dhehebu jingine. Tunafurahi kwa ajili yake, na furaha hiyo ina mwiba ndani yake.

Katika mahubiri, neno kiburi likitajwa, mara nyingi anayeambiwa anyenyekee ni yule anayelalamika. Tukimsoma Paulo anapowaandikia Wafilipi, agizo la kuwahesabu wengine kuwa bora halina wa juu wala wa chini. Mfano anaoutoa hapo ni wa Kristo, aliyekuwa juu akashuka. Kwa hiyo linaanza na mwenye kinasa sauti mkononi. Nafsi inayotaka kutawala si lazima ipige kelele. Inaweza kuwa na adabu nzuri kabisa, ikasema tu kwamba muda haukubaki.

Sasa tuje kwa mgeni. George alirudi baada ya siku chache za mazungumzo, na tarehe 22 Januari akaingia Billy Preston, mpiga kinanda Mmarekani waliyemfahamu tangu mwaka 1962. Preston alilelewa katika muziki wa kanisa. Akiwa bado mtoto alikwisha kumpigia kinanda Mahalia Jackson, mwimbaji mkuu wa nyimbo za Injili. Aliketi, akatabasamu, akaanza kupiga. Wale wanne wakabadilika. Wakasikilizana, wakacheka, kazi ikaenda. George mwenyewe alieleza baadaye kwamba watu hujirekebisha wanapokuwa na mgeni, kwa sababu hawataki aone ubaya wao. Sisi Waswahili tuna maneno mafupi zaidi: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini filamu haikutuacha tufurahi mno. John alipendekeza Preston afanywe mwanachama wa bendi. Paul akakataa, akasema wakiwa wanne tu tayari ni taabu. Basi mgeni akabaki mgeni. Tarehe 30 Januari walipiga pamoja juu ya paa la ofisi yao London, na hawakupiga tena hadharani wakiwa wanne. Septemba mwaka ule John aliwaambia wenzake kwamba anaondoka. Aprili 1970 Paul akatangaza kwamba ameachana nao, na tarehe 31 Desemba akafungua kesi kuvunja ushirika wao. Walioanza wakiwa wavulana wenye magitaa wakaishia kuzungumza kupitia mawakili.

Kwaya yetu haikufika mahakamani, lakini ilifika mbali. Iligombana juu ya albamu ya kwanza, jina la nani liandikwe juu na fedha zikae kwa nani. Nusu wakatoka, wakaunda kwaya nyingine katika usharika ule ule. Kwa miaka 9 tumekutana mlangoni kati ya ibada ya kwanza na ya pili, wengine wakitoka, wengine wakiingia, na salamu chache.

Mwaka jana alifariki mzee aliyewafundisha noti watu wa kwaya zote mbili. Mjane wake aliomba jambo moja tu, tuimbe pamoja. Tulifanya mazoezi jioni mbili uani kwake, naye ameketi kwenye mkeka, amejifunika kanga, anatusikiliza. Hakuna aliyeuliza nani aongoze. Mbele ya mama yule, swali hilo lisingetoka mdomoni mwa mtu. Siku ya mazishi tuliimba vizuri kuliko tulivyowahi kuimba tukiwa kwaya moja.

Baada ya arobaini, kila kwaya ilirudi kwenye saa yake. Tusidanganyane. Mgeni hutuponya kwa muda anaokuwepo, naye huondoka. Ndiyo maana tunapenda habari ya wale wawili waliokuwa wakienda Emau. Walitembea na mgeni, mioyo yao ikawaka, lakini kilichookoa jioni yao ni kwamba walimshika wakamsihi akae. Alipoingia na kuketi mezani, aliyeumega mkate alikuwa ni yule mgeni. Wao wakawa wageni wake.

Tumewaomba viongozi wa kwaya zote mbili jambo dogo, nao wamekubali. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunafanya mazoezi pamoja, na kila mara tunamwalika mtu mmoja asiye mwanakwaya aketi mbele yetu: mgonjwa aliyepata nafuu, mzee wa kanisa aliyestaafu, mtoto wa shule ya Jumapili. Dakika za kwanza 20 ni za mtu mwenye wimbo mpya, kabla ya lolote lingine. Mwezi uliopita alisimama binti wa miaka 16, daftari likimtetemeka mkononi. Wimbo wake una kasoro katika sauti ya tatu. Tuliuimba mara nne, na walimu wa kwaya zote mbili waliketi benchi moja wakishauriana namna ya kuurekebisha.

Hatujawa kwaya moja, na pengine hatutakuwa. Paulo na Barnaba nao walitengana kwa ajili ya Marko, na miaka ilipita kabla Paulo hajaomba aletewe huyo huyo Marko, kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Ombi letu kwa Bwana ni kwamba akija kwenye mazoezi yetu asiketi kwenye kiti cha wageni. Atwae daftari, achague wimbo wa kwanza, na amtaje mtu wa kuuanzisha.