Triga za Flashi, na Picha Moja Niliyoiharibu

Ni desturi ya shule yetu kwamba siku ya mahafali ya Kidato cha Nne, Chama cha Picha humpiga picha kila mwanafunzi anayeondoka akiwa pamoja na wazazi wake. Picha hizo hupigwa chini ya mwembe mkubwa ulio mbele ya ukumbi, na faida yake ndiyo inayokilisha chama mwaka mzima. Mimi nimekuwa mtunza hazina wa chama hicho tangu nilipokuwa Kidato cha Tatu. Kisa nitakachoeleza hakinipi sifa hata kidogo, lakini nimeona afadhali nikiandike kabla sijaondoka, ili wadogo zangu mtakaobaki msirudie kosa langu.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini mpiga picha huhitaji flashi mchana, maana watu wengi hutucheka. Chini ya mwembe pana kivuli, na nyuma yake kuna uwanja unaong'aa kwa jua. Kamera ikiufuata mwanga wa uwanja, nyuso za watu huwa nyeusi kama makaa. Ikizifuata nyuso, uwanja wote huwa mweupe mtupu. Dawa yake ni kuongeza mwanga usoni. Lakini flashi ikikaa juu ya kamera hupiga uso moja kwa moja, ikaufanya bapa kama sahani na kipaji kikang'aa kwa jasho. Ikiwekwa kando, juu kidogo ya kichwa, uso hupata upande wa mwanga na upande wa kivuli, nao huonekana kama ulivyo. Tatizo ni moja tu: flashi iliyo mbali na kamera itajuaje wakati wa kuwaka?

Mwaka jana chama kilikuwa na Sh. 80,000/=. Mwalimu wetu mlezi alitushauri tununue triga za redio. Triga ni vidude viwili vidogo: kimoja hukaa juu ya kamera na kupeleka mawimbi, na kingine hufungwa kwenye flashi na kuyapokea. Mimi nilipinga. Flashi yetu ilikuwa na jicho lake, yaani kifaa kinachoona mwanga wa flashi nyingine na kuiwasha yetu papo hapo. "Kwa nini tununue redio, hali jicho tunalo?" niliuliza mkutanoni, na wenzangu wakanipigia makofi. Fedha ile tukanunulia karatasi na fremu. Usiku wa kuamkia mahafali tulilijaribu jicho bwenini, likaitika kila mara. Nikalala nikijiona hodari.

Lakini bweni usiku si mwembe mchana. Jicho lile hutambua mwanga unaoongezeka kwa ghafla. Bwenini, katika giza, mmweko mdogo wa kamera ulitosha kabisa kuliamsha. Mchana, palipo na jua kali, mmweko ule ulikuwa kama kibatari kilichowashwa juani. Mara flashi iliwaka, mara haikuwaka. Nami, kwa haraka ya kuwamaliza watu waliopanga foleni, na kwa kuwa kioo cha kamera hakionekani vizuri juani, sikutambua lolote mpaka jioni.

Mwezi wa Aprili mwaka huu alikuja kaka mmoja aliyemaliza mwaka jana, kuchukua cheti chake. Alinikuta maktaba, tukasalimiana, kisha akatoa picha yake mfukoni. Yeye na mama yake walionekana kwa shida. Baba yake, aliyevaa kofia ya ukingo mpana, hakuwa na uso. Chini ya kofia palikuwa na kivuli kitupu. Akaniambia kwamba baba yake alifariki mwezi wa Januari, na kwamba nyumbani hawakuwa na picha nyingine ya karibuni, kwa sababu simu ya mzee ilikuwa kitochi kisichopiga picha. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Mdogo wangu, hakuna nyingine?"

Nilitafuta katika kompyuta ya chama mpaka kengele ya chakula ikalia. Hakukuwa na nyingine. Nilimwahidi kwamba nitaijaribu ile ile kuiongeza mwanga, naye akanishukuru kana kwamba nimemtendea wema. Tangu siku hiyo sikutaka tena kusikia neno "makofi".

Basi mwaka huu, chama kilipopata Sh. 150,000/=, mimi ndiye niliyesimama kuomba triga za redio. Mawimbi ya redio hayahitaji kuona. Hupita pembeni mwa ukuta, na jua haliyadhuru. Kwa kuwa sisi hatuwezi kutoka shuleni ovyo, Mwalimu alikubali kwenda dukani Dar es Salaam wakati wa likizo, nasi tukamwandikia maswali ya kuuliza. Kila swali lilileta ubishi, na katika ubishi huo ndimo tulimojifunza.

La kwanza lilikuwa: je, itakubaliana na kamera yetu? Mahali pa kuchomeka flashi juu ya kamera pana pini kadhaa. Canon, Nikon na Sony kila mmoja amepanga zake kivyake, lakini pini kubwa ya katikati, inayotoa amri ya kuwaka, hutumiwa na wengi. Hata hivyo kuna kamera, kama Canon EOS 250D, ambazo pini hiyo zimenyimwa. Mwenye kamera hiyo akinunua triga ya pini moja atakuwa amenunua pambo. Tulikagua yetu, tukaiona pini ipo.

La pili: je, triga ikisie mwanga yenyewe, au tuupange sisi kwa mkono? Makamu mwenyekiti alitaka zile za bei kubwa zinazopima na kuamua zenyewe. Nami sikumpinga kwa pupa kama zamani, tulikaa tukafikiri. Triga hizo humfaa sana anayemfuata bibi arusi huku na huko, maana umbali kati ya flashi na mtu ukiongezeka mara mbili, kwa mfano kutoka mita 2 hadi mita 4, mwanga unaomfikia hubaki robo tu. Lakini chini ya mwembe watu husimama mahali pamoja, na flashi haisogei. Ukiupanga mwanga asubuhi, utakufaa mpaka adhuhuri. Tukaridhika na zile za kupanga kwa mkono.

La tatu lilihusu betri. Tulisema wazi kwamba hatutaki kifaa chenye betri ya namna yake pekee. Tunataka betri zile ndogo zinazouzwa katika duka lililo nje ya lango, ili zikiisha saa tano asubuhi tusitume mtu mjini.

La nne: je, tununue flashi mpya yenye kipokeaji ndani yake, kama Godox TT600? Flashi ya namna hiyo hupunguza vitu vya kufunga na kufungua, ambavyo ndivyo hulegea na kupotea. Lakini flashi tulikuwa nayo, na fedha zisingetosha. Kadhalika mzee mmoja mwenye studio mjini alitupa flashi yake ya zamani bure. Mwalimu wa fizikia aliipima kwa voltimita akakuta volti zaidi ya 200 penye pini. Flashi za siku zile ziliundwa kwa kamera za siku zile. Kamera na vipokeaji vingi vya leo vyaweza kuungua kwa volti hizo. Tulimshukuru mzee, tukaiweka kabatini.

Mwishowe Mwalimu alileta kipelekaji kimoja na vipokeaji viwili, cha pili kikiwa akiba. Akiba haiozi. Zilisalia fedha za betri.

Safari hii hatukujaribu bwenini. Tulijaribu chini ya mwembe ule ule, saa sita mchana. Sanduku liliandikwa mita 100, lakini sanduku halipigi picha. Tulipiga mara 20 kwa kila umbali. Kwa hatua 10 flashi iliwaka mara zote, na kwa hatua 30 vile vile. Kwa hatua 60 iliwaka mara 17. Kisha tukawasimamisha wanafunzi wengi katikati kwa hatua 30. Ikakosa mara 2. Mwalimu alitueleza kwamba mawimbi ya triga kama zetu ni ya gigahezi 2.4, na maji huyanywa. Mwili wa mtu nao umejaa maji. Tulipokiinua kipokeaji juu ya vichwa vya watu, ikawaka zote 20.

Tuligundua jambo jingine. Tulipopiga kwa 1/200 ya sekunde, ukanda mweusi ulijitokeza chini ya picha. Shata ya kamera ina mapazia mawili, na ukizidisha mwendo, la pili huanza kufunga kabla flashi haijamulika picha nzima. Triga nayo huchelewesha amri kidogo sana, kiasi cha kutosha kuharibu mambo. Tuliposhuka hadi 1/160 ukanda ukatoweka. Tukabandika karatasi nyuma ya kamera: "1/160. USIZIDISHE."

Siku ya mahafali ilipofika, flashi yetu ilianza kuwaka yenyewe kabla sijabonyeza. Kumbe mpiga picha mmoja aliyekodiwa na familia alikuwa na triga za aina ile ile, nazo zilikuwa katika chaneli moja na zetu. Tulihama chaneli, amani ikarudi.

Jambo lililotusaidia kuliko yote halikuuzwa dukani. Tulimweka mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Kwanza kando ya flashi, kazi yake ikiwa kuitazama tu. Ikiwaka aseme "Imewaka!", isipowaka anyamaze. Alinyamaza mara tatu siku ile, na mara tatu niliwaomba wazazi wavumilie tupige tena. Hakuna familia iliyoondoka bila nyuso.

Ile picha ya kaka niliishughulikia siku nyingi. Nilipoiongeza mwanga, chembechembe zilijaa kama mchanga, lakini chini ya kofia yalitokea macho na upande mmoja wa shavu. Niliipiga chapa nikamtumia. Alijibu kwamba mama yake ameitundika ukutani, na kwamba anayemjua mzee atamtambua. Nilifurahi, nikaona haya pia, kwa sababu anayemjua mzee asingepaswa kukisia.

Wadogo zangu, mtakapochagua triga nyingine, msianze na bei, wala na uzuri wa kioo chake. Anzeni kwa kujiuliza ni nini kisichoweza kupigwa mara ya pili. Kisha nunueni kifaa chepesi kinachokitimiza hicho, na mkijaribu mahali pale pale na saa ile ile mtakapokitumia. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimeshamwona.