Kutoka Dzaleka Hadi Lilongwe: Mashine ya Mwanafunzi

Atokaye Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, akashika barabara kuu iendayo kaskazini, hupita kwanza eneo la viwanda la Kanengo, mahali inapouzwa kwa mnada tumbaku ya nchi hiyo, kisha huingia katika uwanda mpana wa mashamba ya mahindi na karanga. Kabla hajatimiza kilomita 50 huwa amekwisha kuingia Wilaya ya Dowa na kufika Dzaleka. Hapo masikio yake yatashangaa. Mbali ya Kichewa, lugha ya wenyeji, atasikia Kiswahili sokoni, kwa kinyozi, kanisani na msikitini. Kiswahili cha Uvira, cha Fizi na cha Bukavu, kilichochanganyika na Kifaransa, Kirundi na Kinyarwanda.

Zamani Dzaleka ilikuwa gereza. Katika utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda walifungwa humo wapinzani wa serikali, na jina lenyewe wengi hulifasiri kuwa ni kauli ya mfungwa: "Nimekoma, sitarudia." Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi wa Maziwa Makuu. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wapo zaidi ya 50,000, na walio wengi ni Wakongo. Askari wa Tanzania waliotumwa na Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo kuanzia mwaka 2013, bega kwa bega na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini, wanaijua vema nchi waliyotoka watu hao.

Watoto waliozaliwa hapo sasa ni vijana, nao wanasoma. Tangu mwaka 2010 Wajesuti walianzisha Dzaleka elimu ya juu ipitayo katika intaneti, wakishirikiana kwanza na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Mwalimu huweza kuwa ng'ambo ya bahari, na mwanafunzi akawa katika nyumba ya matofali mabichi. Kiungo kati yao ni kompyuta, na anayekosa mashine ya kufaa huachwa nyuma na wenzake mapema.

Na uchukuliwe mfano wa mama mchuuzi wa dagaa ambaye binti yake amepata nafasi katika masomo ya namna hiyo. Fedha alizo nazo nusu zimetoka katika upatu, na nusu zimetumwa na mjomba wa binti aliyeko ughaibuni. Mama huyu hana nafasi ya kukosea, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei: Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, na kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, na kila kitokacho nje kikapanda. Ya pili ni sheria. Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, likiwemo la kutowapa wakimbizi uhuru wote wa kutembea, na mwaka 2023 serikali ikaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kwenda mjini kwahitaji kibali. Basi anayenunua kompyuta Lilongwe na kuipeleka Dzaleka hana budi kuichagua kama mtu asiyetarajia kurudi dukani.

Katika Mji wa Kale wa Lilongwe maduka ya vifaa vya umeme ni mengi. Kompyuta mpakato, ile ipakatwayo magotini, zimepangwa mpya na kuukuu, nazo zote zinang'aa. Mpya za bei ya chini huvutia kwa wepesi na rangi. Lakini nyingi kati yake kumbukumbu yake ya kazi ni ndogo, tena imeunganishwa moja kwa moja na ubao wa ndani, kiasi kwamba haiongezeki wala haibadiliki. Kuukuu zilizotoka katika ofisi za ng'ambo ni nzito na hazipendezi, lakini fundi huzifungua kwa bisibisi, na vipuri vyake hupatikana.

"Mama, hii nyeupe ni nyepesi," binti anasema.

"Mwanangu, na ikiharibika tutairudisha na nani?"

Jibu hilo ndilo somo lenyewe. Kwa mwanafunzi aandikaye insha, asomaye vitabu na kutazama masomo ya video, yatosha kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 8, na diski ya SSD ya gigabaiti 256. SSD haina sahani izungukayo ndani, kwa hiyo huhimili zaidi mitikisiko ya barabara, na huamsha mashine upesi.

Betri ni jambo la pili. Umeme wa Malawi hutegemea sana maji ya Mto Shire, na mwezi Januari 2022 dhoruba ya Ana ilibomoa sehemu ya bwawa la Kapichira, kituo cha megawati zipatazo 130, giza likatanda kwa miezi mingi. Kompyuta mpakato katika kazi nyepesi hula wati 15 hadi 30 tu, hivyo paneli ya jua na betri ya kiasi huweza kuihudumia. Mnunuzi achomoe waya palepale dukani, aiache mashine ifanye kazi nusu saa, na kuangalia chaji imeshuka kiasi gani. Ajaribu pia kila kitufe, kamera, sauti na intaneti. Aizime na kuiwasha tena, maana baadhi ya mashine za ofisi zimefungwa kwa nywila ya mwenyewe wa kwanza, nazo huja kumgomea mnunuzi baadaye. Mwisho adai stakabadhi yenye namba ya mashine. Askari polisi anajua jinsi mali ya wizi inavyomtia mashakani hata aliyeinunua kwa nia njema, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia programu nyingine zote. Windows ndiyo ijulikanayo na wengi, na fundi wa kuitengeneza hakosekani. Lakini huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa nyingi kati ya kompyuta kuukuu. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hudai kizazi cha nane na kuendelea. Tena Windows hupenda kujipakulia marekebisho makubwa, na kwa anayenunua intaneti kwa vocha ni sawa na kibuyu kinachovuja. Hapana budi kuiarifu mashine kwamba intaneti inapimwa, ili isipakue ovyo.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, haina malipo, na huamsha mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Tawi lake moja, Ubuntu, lililotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, limepewa jina lenye maana ya utu. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Linux huweza kujaribiwa kutoka katika kijiti cha flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Lakini ina dosari yake: baadhi ya programu za kulinda mitihani ya intaneti haziikubali kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza haliulizwi dukani, bali chuoni: masomo haya yadai programu gani, na mtihani utafanywa kwa njia ipi? Chuo kikidai Windows, inunuliwe mashine inayoikubali Windows 11. Kisipodai, Linux itaokoa fedha za kutosha kununua paneli ya jua.

Jioni basi dogo hurudi kaskazini, na mama wa mfano amepakata mashine nzito iliyofungwa katika kitenge. Familia ya askari iliyohamishiwa Kibondo au Tunduru, ambako fundi yuko mbali, haina tofauti kubwa naye. Kabla ya kutoa fedha, na ifikirie mahali mashine itakapokaa, umeme utakapotoka, na mtu atakayeifungua siku itakapogoma.