Wadau ni akina nani hasa?

Hamjambo wadau! Neno hilo la salamu ndilo mada yetu ya leo. Siku hizi kila kampuni inasema "tunashirikisha wadau" katika kulinda mazingira. Ukiuliza wadau ni akina nani, utatajiwa wenye hisa, benki, wateja na serikali. Jirani anayevuta moshi hutajwa mwisho, akikumbukwa.

Mimi ni mwandika programu tu, siyo mtaalamu wa mazingira. Mwaka jana kampuni moja ya huku Changamwe (jina tuliache) iliniita niitengenezee dashibodi ya kuonyesha umeme na maji inayotumia, na miti iliyopanda. Nikauliza: jirani mwenye malalamiko anaingilia wapi? Nikaambiwa kuna anwani ya barua pepe kwenye tovuti. Kwa Kiingereza, bila shaka :-)

Hapo nikawakumbusha Owino Uhuru, maana siyo mbali, ni hapo Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi kando ya nyumba za watu. Mwaka 2009 kikamwajiri Phyllis Omido ashughulikie uhusiano na jamii. Akasimamia tathmini ya athari kwa mazingira, nayo ikapendekeza kiwanda kihamishwe. Badala ya kusikilizwa, akaondolewa kwenye shughuli hiyo. Baadaye mwanawe mchanga akakutwa na risasi katika damu.

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ifanywe kabla ya mradi kuanza. Hapa ilifanywa tanuri likiwa limeshawaka. Ni sawa na kujaribu programu baada ya kumkabidhi mteja, ila hapa aliyeumia ni mtoto.

Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka 15 tangu ile tathmini! Na kumbuka, habari yenyewe ilikuwa ndani ya kampuni tangu 2009. Ilikosa njia ya kufika kwa mwenye uamuzi na kumlazimu ajibu.

Meneja mmoja akanijibu kwa mfano wa Haller Park kule Bamburi, ambako René Haller alianza kupanda mivinje 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, hadi jangwa la mawe likawa msitu. Kazi nzuri sana, sibishi. Lakini miti haipigi simu kulalamika usiku. Watu hupiga.

Basi nikapendekeza hivi. Jirani atume ujumbe wa simu, hata kwa kile kisimu cha tochi, kwa Kiswahili. Apate namba ya lalamiko lake. Lalamiko lisifungwe mpaka yeye mwenyewe ajibu NDIYO. Na yaliyo wazi yaonekane kwa rangi nyekundu, kioo kimoja na ile miti.

Namba walikubali. NDIYO wakaikataa: "Je, mtu akigoma tu?" Tukabishana mikutano mitatu. Mwishowe tukakubaliana meneja anaweza kufunga, ila lazima aandike sababu, na sababu hiyo iende kwenye simu ya mlalamikaji na kwa wakurugenzi pia.

Lalamiko la kwanza lilihusu vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Dogo, eti? Lakini vumbi linaloshika nguo linaingia pia vifuani. Sasa barabara ya malori inamwagiwa maji kila asubuhi. Malalamiko mawili bado ni mekundu, na wakurugenzi wanayaona.

Programu haiwezi kumfanya mkubwa awe msikivu. Inaweza tu kumzuia asije akasema hakuambiwa. Nawe kama umeajiriwa mahali, uliza kesho: jirani wa kiwanda chetu akiwa na neno, linamfikia nani, na huyo ana uwezo wa kusimamisha mashine?