Safari Yetu ya Mwitongo

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia Kabasa ikaishia Butiama, na napenda kuwasimulia wasomaji jinsi ilivyokuwa.

Mwezi wa Juni, wakati wa likizo, sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne tulibaki bwenini kwa masomo ya ziada. Mwalimu wa Historia akatutangazia kwamba Jumamosi tutakwenda Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, na kila mmoja alete nauli shilingi 6,000. Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani. Nikamwambia baba nauli ni shilingi 10,000. Alikuwa ndiyo kwanza ameuza pamba. Alizihesabu noti mara mbili, akanipa bila kuuliza neno.

Siku ya safari tuliondoka alfajiri kwa basi, tukapita Makutano, tukafika Butiama salama. Mzee aliyetuongoza alitueleza kwamba kwa Kizanaki Mwitongo ni mahame, yaani mahali walipokaa watu wa zamani. Hapo ndipo palikuwa kwa Mtemi Burito, baba yake Mwalimu. Mwalimu alizaliwa mwaka 1922, akachunga mifugo, na alipofika umri wa miaka 12 ndipo akaanza shule huko Mwisenge, Musoma.

Tuligawanywa makundi. Kundi letu lilifagia majani makavu na kumwagilia miti, maana kiangazi kilikuwa kimeanza. Wengine waliingia kwanza katika Makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1999, wakatazama zawadi alizopewa Mwalimu. Kisha tukabadilishana. Mchana tulikaa kivulini. Mwenzetu mmoja alipiga litungu, wengine wakashindana kucheza bao, mchezo ambao Mwalimu aliupenda sana. Mimi nilifungwa mara mbili.

Baadaye tuliona nyumba kubwa aliyojengewa na Jeshi, ambayo hakukaa ndani yake muda mrefu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akaletwa kuzikwa hapa hapa, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Tulisimama kimya kaburini. Mzee akasema kwamba Mwalimu alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kijijini akalima. Ndipo zile shilingi 4,000 mfukoni zikawa nzito kama jiwe. Huyu alikuwa na hazina ya nchi nzima mikononi mwake, akarudi kushika jembe. Mimi nilikabidhiwa pamba ya mzee mmoja tu, nikashindwa. Wenzangu walinunua soda. Mimi sikuweza kuzitoa.

Juma lililofuata nilikwenda nyumbani. Nikasema, "Shikamoo Baba," nikaziweka fedha mbele yake, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo kirefu. Nilidhani atanipiga. Mwisho alizikunja noti akazitia mfukoni, akasema, "Chukua gunia, twende shambani." Tukachuma pamba mpaka jua lilipotua, wala hakulitaja jambo lile tena.

Ndugu wanafunzi, ukipata nafasi nenda Mwitongo. Utajifunza historia ya nchi yetu, na huenda ukarudi na deni la kulipa nyumbani. Lilipe mapema.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne